Sura Yako Kwenye Mfuko wa Unga

Dada Nakijwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu nijue kuongea sijawahi kuanza neno na wewe bila shikamoo, na sitabadilika leo kwa sababu tu umekufa.

Ni Jumapili, saa nane mchana, hapa Same mjini. Jua lenyewe unalijua. Nimetoka kanisani, bucha nimeifunga, Mama Neema amejilaza ndani, na mimi nimekaa kwenye meza ninayokatia nyama na daftari la Neema mbele yangu. Nakuandikia kwa sababu nimegombana na Fredi, yule wa duka la vyakula vya afya uliyekuwa ukimpelekea unga. Mji mzima unajua. Mtu yeyote akifariki wiki hii atafika huko na kukusimulia anavyojua yeye, kwa hiyo afadhali uanze kusikia kwangu.

Ugomvi ni juu yako. Lakini siwezi kuanzia hapo. Lazima nianzie kwenye kidari.

Kwenye ukoo wetu mnyama akichinjwa, dada mkubwa anapelekewa kidari chake, na kaka asiyepeleka ni sawa na amemtukana. Mimi tena muuza nyama, ningejitetea vipi? Kila Krismasi, kila Pasaka, nilikufungia kidari kwenye jani la mgomba, nikapanda gari la Chome na ile barabara yake ya kuvunja mgongo, nikakukabidhi mkononi. Ulipokea kwa mikono miwili, ukasema asante mdogo wangu, Mungu akuongeze. Miaka tisa, dada. Miaka tisa ilipita ndipo nikajua, tena kwa bahati tu, siku Mama Sifa jirani yako aliponisimamisha njiani kunishukuru. Akasema kidari cha Pasaka kilikuwa kinono, watoto wake walikula siku mbili.

Nilikasirika. Nilirudi kwako nikiwa nimevimba, nikakuuliza nyama yangu imekukosea nini. Ulikuwa unachambua maharage, hata hukuinua kichwa. "Nyama yako haina kosa, Mbonea. Mimi ndiye nimeiacha." Nikakuuliza kwa nini basi hukusema miaka yote hiyo. Ukasema, "Ningesema, ungeacha kuja."

Nilikunywa chai yangu nikashuka.

Watu walisema mengi juu yako na nyama. Wengine walisema ubahili wa Kipare umekuzidi mpaka unajinyima mwenyewe. Wengine waliuliza kama umehamia kwa Wasabato. Mchungaji alidhani una vidonda vya tumbo, akakuombea. Mimi nilisema vibaya kuliko wote, nilikuita adui wa biashara yangu mbele ya watu kwenye harusi, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Sababu yenyewe uliniambia mara moja tu. Kwenye msiba wa shemeji ulipika nyama siku nne, marehemu ni mumeo, mjane ni wewe, na wewe ndiye uliyesimama jikoni. Uligawa mafungu, ukapanga nani ale nini, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama umetia kitu mdomoni. Siku ya tano ukaosha masufuria, ukasema basi. Nilikuwepo kwenye msiba ule, dada. Nilikula vizuri. Na mimi sikukuuliza.

Ndiyo maana ulipoondoka mwaka jana, Julai ile ya baridi, ukoo ulipokaa kikao na kuniangalia mimi mwenye kisu, nilisema sichinji. Dume la baba mdogo lilikuwa limeshafungwa kwenye mti. Wakaniuliza, watu wanatoka Bombo, wanatoka Mamba, unataka walishwe maharage? Nikasema watakula makande, kama marehemu alivyokula, na anayetaka nyama aje buchani kwangu Same wiki ijayo. Baba mdogo aliniambia nimeleta aibu. Mpaka leo salamu yangu haitikii. Makande yalipikwa, mahindi na maharage kwenye yale masufuria makubwa ya kanisani, na wale wale waliolalamika niliwaona wakirudia sahani. Halafu wakaanza kunong'ona pembeni kwamba ungekula nyama usingeuawa na homa ya mapafu. Niliwafuata mmoja mmoja. Nikawauliza, baba yetu alikula nyama mpaka jino la mwisho likang'oka, mbona na yeye yuko pale chini?

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu zaidi ya Mama Neema. Nina sukari. Miezi mitatu baada ya kukuzika nilianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka kiangazini, miguu ikawaka moto, nikaenda kupima. Nesi akaniambia vidonge kila siku, nyama nipunguze, soda niache, ugali wa sembe iliyokobolewa niache, nile wa dona, tena kidogo, na mboga nyingi. Nilimwangalia yule binti nikaona kabisa ni wewe umemtuma. Mtu mzima, muuza nyama, nimetoka pale na kikaratasi kinachosema nile kama dada yangu.

Nikaenda kwa Fredi. Nilikwenda mchana wakati hakuna watu, maana niliona haya kuonekana mle. Unalijua duka lake. Yeye mwenyewe anavaa koti jeupe utadhani daktari, ndani kunanukia iliki, na kila kitu kimeandikwa "asili". Nikanunua biskuti za nafaka, juisi ya ukwaju, na mfuko wa dona wenye sura yako. Ile picha ya kipaimara cha Neema, umefunga kitenge cha kijani, unacheka. Nilisimama pale nikiwa nimekushika mkononi, nikashindwa hata kuuliza bei.

Nilikula vile vitu kwa imani yote. Mama Neema ndiye aliyevaa miwani akasoma maandishi ya nyuma. Biskuti zina ngano nyeupe, kisha sukari, nafaka yenyewe imekuja mwishoni kama mgeni aliyechelewa. Juisi ya ukwaju ni sukari iliyopitiwa na ukwaju. Nesi akanipima tena, sukari iko pale pale, akaniuliza kama namdanganya. Nikaapa kwamba nakula vya duka la afya. Akatikisa kichwa akaandika kitu.

Nisimwonee Fredi. Asali yake ni asali. Tangawizi yake inatoka Mamba, nawajua wanaoilima. Karanga ni karanga. Na nisikufanye wewe malaika, uliyekuwa unatia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai na kuniambia hiyo haihesabiki kwa sababu ni miwa. Kuacha nyama hakukukufanya daktari. Lakini unga wako niliujua. Huo haukuwa na mchezo.

Na ule haukuwa unga wako.

Nilianza kushtuka nilipoona unga wake unakaa bila kuharibika. Mfuko wa kwanza ulisahaulika kabatini, miezi miwili na zaidi, Mama Neema akautoa akaupika na ugali ukatoka mtamu, mweupeee, hauna harufu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiuleta wa kwako. Kidogo kidogo, kila Jumatatu kwa gari la asubuhi, kwa sababu mahindi yako yalisagwa na kiini chake na ganda lake, na unga wa hivyo haukai. Mwezi ukiisha unachacha, unakuwa mchungu, dudu wanaingia. Fredi alikulalamikia hapa hapa mbele ya bucha, akasema wateja wa mjini wanataka kitu cha kukaa kabatini. Ukamwambia anayetaka unga usioharibika akanunue saruji. Nilicheka siku nzima.

Na alipokuomba picha ya kuweka kwenye mifuko, nilikuwepo. Ulimkubalia, lakini ulimwambia hivi, nayakumbuka maneno kama yalivyo: "Sura yangu ikae na unga wangu. Unga ukiisha, sura irudi nyumbani."

Unga uliisha Julai, dada. Sura ikabaki.

Niliuliza. Bucha ni mahali pazuri pa kuuliza, mtu akisubiri mifupa ya supu anaongea. Yule bwana wa mashine ya kusaga karibu na soko ni mteja wangu wa maini, akanieleza bila hata kubembelezwa. Fredi anachukua sembe kwake, magunia, na pumba kidogo, zile wanazopelekewa nguruwe. Anachanganya nyuma ya duka. Pumba inatiwa kama chumvi kwenye mchuzi, ionekane tu. Kama anatia na kitu kingine sijui, na sitasema nisichokijua. Hicho kimoja kinatosha. Wagonjwa wenzangu wananunua sembe ile ile waliyokatazwa, kwa bei ya juu, kwa sababu wewe umewachekea.

Nilimfuata. Nilimwambia kwa adabu kabisa, toa sura ya dada yangu. Akasema ulimpa ruhusa. Nikamkumbusha ruhusa yenyewe. Akasema unga ni unga. Kisha akawageukia wateja waliokuwemo, akapandisha sauti, "Huyu muuza nyama ndiye wa kunifundisha mimi afya?" Wakacheka. Iliniuma, dada, na iliniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mimi ni nani? Nimewauzia watu mafuta ya ng'ombe miaka ishirini. Lakini nyama yangu inaning'inia pale kwenye kulabu, kila mtu anaiona ni nyama, sijaivalisha kitenge cha mtu nikaiita mchicha.

Basi nikapanda Chome. Mama Sifa analima shamba lako sasa, nadhani unamwona. Anaosha mahindi kama wewe, anaanika kama wewe, na anamsumbua mwenye mashine kama wewe, lazima aondoe kwanza unga wa mteja aliyetangulia. Akanipa unga wa siku ile ile. Nikanunua na mfuko wa Fredi siku hiyo hiyo. Nikachukua zile chupa mbili kubwa za kioo tulizokuwa tunawekea pipi, nikajaza kila moja unga wake, nikaziweka hapa mezani karibu na mizani. Mbele nikaandika kwenye kadibodi: Huu umetoka Chome. Huu umetoka duka la afya. Imejazwa siku moja. Subirini.

Wiki ya kwanza walinicheka. Wiki ya tatu wakaanza kuinama kuangalia. Wiki ya tano unga wako ulikuwa umegeuka rangi, ukifungua unanuka uchungu, na dudu wanatembea juu ya kioo kama wako gulioni. Ule mwingine umetulia, mweupe, kama jana. Mama mmoja akaniuliza, sasa Baba Neema, huo wenye dudu ndio mzuri? Ikabidi nieleze. Nikasimama na kisu mkononi, damu kwenye aproni, nikiwaeleza watu habari za kiini cha mahindi. Ungeniona ungezimia kwa kicheko. Bwana afya alikuja akaniambia dudu na nyama havikai chumba kimoja, nikaziba vifuniko kwa nta, nikamwambia sasa wako kwao. Wapo wateja walioacha kuja kwangu. Wapo waliokuja kununua nyama nusu ya ile waliyozoea, wakauliza gari la Chome linaondoka saa ngapi.

Fredi akanipeleka ofisi ya mtaa. Na wewe unatujua Wapare na kesi, benchi zilijaa, watu wamekuja na vigoda vyao. Nilileta chupa zangu. Nikasema maneno yako, ya sura kurudi nyumbani, na sauti ikanikatika katikati mbele ya watu wote, nikakaa chini. Wazee wakatupatanisha. Fredi atoe sura yako. Mimi nitoe chupa zangu. Tukaweka sahihi.

Kesho yake alinikabidhi boksi zima la zile karatasi za kubandika, zote na sura yako. Liko kwenye kabati la nguo. Mama Neema anasema nichome. Nani atachoma sura ya dada yake? Kila nikitafuta shati nakukuta unacheka.

Nilidhani yameisha. Wiki mbili nilitembea kifua mbele. Sukari nayo imeshuka kidogo, sitadanganya kwamba ni unga wako umeniponya, vidonge nameza, lakini nesi ameacha kutikisa kichwa. Nyama nakula mara moja kwa wiki, Jumapili, na hiyo usiniguse.

Halafu leo, tunatoka kanisani, tumepita mbele ya duka lake. Mifuko mipya dirishani. Unga ni ule ule, mweupe ule ule. Na juu yake kuna mama mwingine. Mtu mzima, amefunga kilemba cha njano, anacheka, jino moja la mbele hana. Simjui. Sijui kama anatoka Usangi au Mbaga au wapi. Sijui kama yuko hai.

Nilisimama pale mpaka Mama Neema akanivuta mkono. Njia nzima alinisihi. Umepata cha kwako, baba. Umeweka sahihi. Huyo mama ana watu wake, waache wahangaike. Na ni kweli nimeweka sahihi, na mimi si mtu wa kuvunja neno mbele ya wazee. Ndicho kilichonikalisha hapa mezani tangu saa sita, bila hata kula.

Lakini nimefikiri hivi, dada. Kwenye msiba wa shemeji nilikuona umesimama jikoni, nikasema moyoni ana watu wake, mtu atamuuliza kama amekula. Kila mmoja wetu alisema hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyekuuliza.

Kwa hiyo kesho asubuhi naenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, kwa adabu, nimwambie sahihi yangu naiondoa na sababu ni hii. Wakitaka kunitoza faini watoze. Kisha chupa zinarudi mezani. Na yule mama mwenye kilemba cha njano nitamtafuta. Nimeshanunua mfuko mmoja, nimemkata vizuri kwa kisu changu, nimembandika hapa ukutani juu ya gogo la kukatia mifupa. Nyama wanakula watu wa milima yote, na kila anayeingia nitamuuliza kama anamfahamu. Lazima ana kaka mahali fulani.

Sasa naaga. Kukuaga kwenye kaburi nilikuaga vibaya, nilikuwa nimeshughulika na kugombana na baba mdogo, udongo ukafunikwa sijasema lolote. Nisamehe. Nisamehe na ile miaka tisa, na siku nne zile.

Ahadi yangu ni hii. Kidari chako kitaendelea kwenda kwa Mama Sifa kila Krismasi na kila Pasaka, moja kwa moja, hakuna haja ya kupitia kwako. Lakini Jumamosi hii napanda Chome na siendi na nyama. Nimebeba boksi tu, nikaliweke ndani kwako, kwenye ile meza uliyokuwa unachambulia maharage. Unga uliisha, sura inarudi nyumbani, kama ulivyosema.

Na kuna moja ulisema ukakosea. Ulisema ningeacha kuja.

Mdogo wako,
Mbonea